Laptopu Ndogo ya Msimu wa Korosho: Nilianzia kwa Fundi

Kazi yangu ni hesabu za korosho. Vyama vya msingi vya ushirika, hizi AMCOS zetu, kila msimu vinahitaji mtu wa kuingiza majina ya wakulima, kilo walizoleta ghalani, daraja la korosho, makato na namba za akaunti, ili mnada ukishapita na fedha zikishaingia kila mmoja alipwe chake. Mimi nakaa Mtwara mjini, ila vyama ninavyovihudumia viko Nanyamba na Tandahimba, na vingine viko mbali na lami, huko ambako usafiri ni bodaboda peke yake. Kwa hiyo niliposema nataka laptopu ndogo, nyepesi na ya bei nafuu, sikuwa naongelea urembo. Nilikuwa naongelea mgongo wangu, na kumbukumbu za watu waliosubiri mwaka mzima kulipwa.

Laptopu niliyokuwa nayo ilikuwa ya inchi 15.6, saizi ambayo maduka mengi huipanga mbele. Ofisini ni nzuri sana: kioo kipana, na kibodi ina sehemu ya namba pembeni. Juu ya pikipiki ni habari nyingine, maana begi linakuvuta nyuma kila dereva anapopanda mwinuko. Nilimwomba jirani yangu mwenye duka la nafaka anipimie kwenye mizani yake laptopu, chaja na waya, vyote pamoja. Ilikaribia kilo tatu. Dukani ukiuliza uzito wa laptopu unatajiwa mashine tupu. Chaja, ambayo huwezi kuiacha nyumbani, haihesabiwi. Uzito ninaoujali mimi ni ule unaoingia kwenye begi.

Halafu kuna namna tunavyofanya kazi. Katika maghala mengi ya vijijini hakuna meza ya mgeni. Unakaa kwenye stuli au juu ya magunia, laptopu iko mapajani, mizani inafanya kazi na watu wanaita namba. Laptopu pana haitulii mapajani. Umeme nao haueleweki: ghala moja limeunganishwa, jingine lina sola ya kuwasha taa mbili, jingine halina kitu. Betri ya kukaa saa mbili haimsaidii mtu huko.

Wapo walioniuliza kwa nini nisitumie simu. Simu naitumia, napiga picha za stakabadhi na kuwatumia makatibu ujumbe. Lakini jedwali la mamia ya wakulima lenye safu nyingi ukilifungua kwenye simu unaona kipande kimoja tu, na hapo ndipo tarakimu ya akaunti ya mama mmoja inapoangukia kwenye mstari wa jirani yake. Fedha ikienda kwenye akaunti isiyo yake, anayekaa kusubiri irudishwe ni mkulima, na mara nyingi ni ada ya mtoto inayosubiri pamoja naye. Hilo sikubali kulibahatisha.

Nilikuwa na laki tano. Nilitaka kununua Septemba 2025, maghala yakiwa bado hayajafunguliwa, kwa sababu korosho zikianza kumiminika hupati nafasi ya kuzunguka madukani.

Ukiingia dukani na kusema unataka ndogo ya bei rahisi, mara nyingi kwanza utaletewa zile ndogo kabisa za zamani, za inchi 9 au 10. Zina historia ya kuheshimika. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC 701, yenye kioo cha inchi 7, hifadhi ya GB 4 na uzito usiofika kilo moja, ikiendeshwa na Linux, mfumo endeshi wa bure. Kabla ya hapo laptopu ndogo sana ndizo zilizokuwa ghali zaidi, za mabosi wanaopanda ndege. Baada ya hapo hata mwanafunzi akaanza kuzifikiria. Mwaka uliofuata Intel wakaleta prosesa ya Atom, na Acer, HP na Dell wakajaza soko. iPad ilipotoka mwaka 2010 upepo ukageuka, na kufikia mwanzoni mwa 2013 Asus walikuwa wameacha kutengeneza Eee PC. Wazo lile nalipenda mpaka leo. Lakini Atom ya N270 ni ya biti 32, mashine nyingi zilizoibeba zilikuja na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 1, na kurasa za intaneti za siku hizi zinaizidi nguvu. Mashine ya laki moja inayoganda ukifungua barua pepe ni hasara ya laki moja. Nikazipita.

Kundi la pili ni laptopu mpya za inchi 11.6, zile za plastiki nyepesi, zenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Hizi nilizijua kwa kuzitumia, maana karani mwenzangu aliniazima yake wiki za mwisho za msimu uliopita. Nianze na uzuri wake, kwa sababu upo. Haifiki kilo moja na nusu hata ukiweka chaja yake ndogo. Haina feni, na kwa mtu anayefanya kazi kwenye vumbi jekundu la uwanda wa Makonde hilo ni jambo kubwa, kwani feni ndiyo inayovuta vumbi ndani. Haipigi kelele wala haiunguzi mapaja. Tatizo lilikuja Windows ilipotaka kujisasisha. Hifadhi ilishajaa kwa Windows yenyewe na programu chache, sasisho halikupata pa kukaa, na kila asubuhi mashine ilianza siku kwa kuhangaika na jambo hilohilo. Nilihamisha mafaili yote kwenye flashi na bado haikutosha. Kuongeza hifadhi haiwezekani. Kwa nini haiwezekani, nilikuja kuonyeshwa baadaye kwa macho.

Chromebook za mtumba, laptopu zinazoendeshwa na mfumo wa Google, nilizitazama kwa haraka. Ndizo za bei ya chini kuliko zote na nyingi ni nyepesi, na kwa mtu ambaye kazi yake yote iko mtandaoni zinafaa. Kuna mambo mawili ya kuuliza kabla hujatoa hela. Kila modeli ina tarehe yake ya mwisho ya kupokea masasisho; mwaka 2023 Google walitangaza kuirefusha hadi miaka 10, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipotoka kiwandani, haingoji siku uliyonunua wewe. La pili, nyingi zilikuwa za shule za nje. Kama shule haikuiondoa kwenye mfumo wake, ukiiwasha na kuiunganisha na intaneti itakudai uingie kwa akaunti ya shule hiyo, na hata ukiifuta yote itarudi palepale. Mimi ghalani mara nyingi sina mtandao wa kueleweka, basi hazikunifaa.

Sasa niseme kilichonisaidia kuliko ushauri wote niliousikia. Kabla ya kuingia duka lolote kwa nia ya kununua, nilikwenda kwa fundi.

Yuko Chikongola, ni kijana, kibanda chake kina meza moja na taa ya kuinamisha. Aliwahi kunitengenezea laptopu yangu kubwa tundu la chaja lilipolegea. Nikamuuliza, "Fundi, nikinunua ndogo, ipi ikiharibika utaiweza hapahapa Mtwara?"

Akaacha alichokuwa anashika. "Dada, swali hilo watu huniletea wakiwa wameshanunua."

Akainama chini ya meza akatoa laptopu kama ile niliyoazimwa, akaigeuza, akaifungua. Ndani kulikuwa na bodi-mama ndogo kuliko kiganja, na sehemu kubwa iliyobaki ni betri. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kijipande cheusi cha mraba. "Hii ndiyo hifadhi yake. Imechomelewa. RAM hii hapa, nayo imechomelewa. Hifadhi ikifa, bodi nzima imekufa, na bodi ukiiagiza bei yake inakaribia mashine mpya. Nikiwaambia wenyewe hivyo, wengine hawarudi kuzichukua." Chini ya meza zilikuwepo kadhaa.

Kisha akavuta boksi la spea. Hapo ndipo nilipoelewa soko lilivyo. Boksi lilijaa kibodi, vioo, bawaba, feni na betri, na karibu vyote vilitoka kwenye familia tatu: ThinkPad ndogo za mfululizo wa X za Lenovo kama X270, EliteBook 820 za HP, na Latitude ndogo za Dell kama 7270 na 7290. Zote ni za inchi 12.5. Nikamuuliza kwa nini hizo. Akaniambia kampuni za nje huwanunulia wafanyakazi wao laptopu za aina moja kwa mkupuo, na baada ya miaka michache huzitoa zote kwa mkupuo vilevile. Zinapita kwa wafanyabiashara wa mitumba, zinafika Kariakoo, na nyingine zinateremka mpaka kwetu. Kwa kuwa ni nyingi na zinafanana, iliyovunjika kioo inatoa kibodi, iliyoungua bodi inatoa kioo. Laptopu mpya ya bei rahisi, hata ikiwa nzima leo, haina ndugu zake kwenye boksi la fundi wa Mtwara.

Akanifungulia X270, modeli ya mwaka 2017, iliyokuwa inasubiri mwenyewe. Mfuniko wa chini unatoka kwa skrubu za kawaida. RAM iko kwenye nafasi yake, moja tu, unachomoa ya GB 4 unaweka ya GB 8 au 16. Hifadhi nayo inachomoka. Na kilichonivutia zaidi: ina betri mbili. Moja ndogo iko ndani, nyingine inakaa nyuma na inatoka kwa kusukuma vishikizo viwili, bila bisibisi. Ile ya ndani inaishikilia mashine wakati unabadilisha ya nyuma, kwa hiyo huhitaji kuzima wala kufunga kazi yako. Mtu wa ghalani akisikia hivyo anaelewa mara moja. Ukiwa na betri ya nyuma ya akiba kwenye begi, siku nzima ya kupima korosho inakwisha bila kuulizia umeme.

Akanitahadharisha kuhusu X280 iliyofuata mwaka 2018. Ni nyembamba na nyepesi zaidi, ila RAM yake imechomelewa na betri ya nyuma ya kuchomoa imeondolewa. "Ukiikuta ya GB 8 kwenda juu ni nzuri. Ya GB 4 iache." Akanionyesha pia tundu za USB zilizokuwa na ukungu wa kijani kwenye laptopu nyingine, ya mtu wa Mikindani anayeiweka mezani karibu na dirisha linalotazama bahari. Hewa ya chumvi inakula chuma taratibu. Tangu siku hiyo laptopu yangu ikiwa haitumiki inakaa ndani ya begi lililofungwa zipu, haikai mezani.

Nilimlipa fundi muda wake. Hakuniomba, lakini nusu saa ya maelezo yake ilinipunguzia kuzunguka kwingi.

Nikawa na uamuzi wa wapi pa kununua. Mdogo wangu anaishi Dar es Salaam, nikamtuma Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Msimbazi. Winga mmoja akamwambia X270 ni laki tatu na themanini, "betri inakaa siku nzima, dada, wewe lipa nikufungie." Mtwara bei niliyokuwa nimeisikia ni laki nne na nusu. Tofauti ya elfu sabini kwangu ni fedha. Lakini winga hana duka lake, anauza mzigo wa mtu na kesho humkuti, na mdogo wangu si mtu wa kompyuta. Kutoka Dar mpaka kwetu ni kama kilomita 560. Mashine ikifika na basi ikiwa na kasoro, kuirudisha ni gharama nyingine na mabishano ya kwenye simu. Wote tunakumbuka Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya pwani ilivyokatika Somanga na mizigo ya Dar ikakwama. Kwa kitu cha mtumba, nafasi ya kukishika, kukijaribu na kumrudia aliyekuuzia kesho yake ina thamani, na kwangu ilizidi elfu sabini. Anayeishi Dar, au aliye na mtu anayeijua kazi huko, hesabu yake inaweza kuwa tofauti.

Duka nililochagua liko karibu na soko kuu. Mwenyewe ni mzee mtulivu. "Shikamoo baba." "Marahaba, karibu mwanangu." Nikamweleza kwamba nataka kujaribu kabla ya kununua, na kwamba majaribio yangu ni marefu. Alikubali, na kwa hilo namshukuru, kwani wapo wauzaji wanaokasirika ukichomoa chaja.

Kuchomoa chaja ndilo jambo la kwanza. Laptopu za maonyesho hukaa kwenye umeme mchana kutwa, huwezi kujua kilicho ndani ya betri. Nikafungua dirisha la amri la Windows nikaandika powercfg /batteryreport. Inatengeneza ripoti unayoifungua kama ukurasa wa intaneti, na ndani yake kuna mistari miwili ya kulinganisha: uwezo wa betri ilipotengenezwa, na uwezo inaoweza kushika sasa ikijaa. Laptopu ya kwanza niliyopewa ilikuwa safi sana kwa nje, lakini betri yake ya nyuma ilikuwa imebaki chini ya theluthi. Kijana wa dukani akasema ikichajiwa usiku kucha mara kadhaa itarudi. Hairudi. Uwezo uliopotea kwenye betri ya aina hii umekwenda, na ukiambiwa vinginevyo omba nyingine.

Akaniletea ya pili. Hii betri yake ya nyuma ni ile nene ya seli 6, ya Wh 72 (kipimo cha umeme ambao betri inashika) ilipotoka kiwandani, na ripoti ilisema bado inashika zaidi ya 50. Ya ndani, ambayo ni ya Wh 23, ilikuwa na 17. Nikaona hapa kuna mazungumzo.

Nikafungua ukurasa mtupu nikaandika alfabeti yote, tarakimu zote, alama zote, kwa herufi ndogo na kubwa. Kibodi ikiwa na kitufe kinachohitaji kubonyezwa kwa nguvu, kwenye kazi ya majina utaumia nacho kila siku. Nikachomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Nikaifungua na kuifunga polepole nikisikiliza bawaba. Nikaizima, nikaiwasha na kubonyeza F1 ili kuingia kwenye mipangilio ya awali. Hatua hii wanunuzi wengi hawaijui. Laptopu za makampuni wakati mwingine hubaki na nywila ya msimamizi wa zamani, au ulinzi wa mbali ambao haujaondolewa, na wewe hugundui mpaka siku unayotaka kubadilisha mfumo. Hii iliingia bila kuuliza chochote.

Kisha nikamwomba mzee nitoke nayo nje, barazani. Kioo kinachong'aa ndani ya duka chini ya taa kinaweza kuwa kitu kingine kabisa kwenye jua la Mtwara la saa sita. X270 zilitoka na vioo tofauti: kuna vya aina ya TN, ambavyo ukivitazama kwa pembeni rangi zinafifia, na kuna vya IPS vinavyoonekana vizuri kutoka kila upande. Hii ilikuwa ya TN, pikseli 1366 kwa 768. Barazani nilisoma, ila kwa kuinamisha kioo mpaka pembe fulani. Nikafungua jedwali langu la msimu uliopita nikahesabu safu zinazoonekana bila kusogeza: zilitosha jina, kilo, daraja, makato na akaunti. Ningependa IPS. Hazikuwepo kwa bei ile, na nikaona afadhali betri nzuri na kioo cha wastani kuliko kinyume chake, kwa kuwa kioo kinaweza kubadilishwa.

Mzee alitaka laki nne na nusu. Tulimalizana kwa laki nne na ishirini na tano, RAM ya GB 8, hifadhi ya SSD ya GB 256, na chaja halisi yenye plagi ya pini tatu. Usikubali chaja yenye plagi ya nchi nyingine na kiunganishi kilicholegea. Kwenye soketi zetu inatoa cheche. Nikaomba risiti ya EFD na akaniandikia namba ya mashine pamoja na wiki mbili za majaribio. X270 ina pia tundu la USB-C linalochaji, jambo ambalo lilikuja kunifaa Tandahimba nilipoazima chaja ya katibu.

Fedha iliyobaki nilinunulia kibodi ndogo ya namba ya kuchomeka kwenye USB. Laptopu za inchi 12.5 hazina sehemu ya namba pembeni, na mtu anayeingiza kilo na akaunti kutwa nzima atapunguza kasi bila hiyo. Ni kidude kidogo cha bei ndogo na kinakaa mfuko wa pembeni wa begi.

Kuna suala moja zito ambalo dukani halikutajwa hadi nilipouliza. Windows 10 ilikuwa inafikia mwisho wa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wa Microsoft inahitaji, kwa upande wa Intel, karibu kila mara prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea. X270 ni ya kizazi cha 6 au cha 7. Maana yake nilikuwa nanunua mashine ambayo mfumo wake ulikuwa unafunga mlango ndani ya wiki chache. Hii ndiyo sababu mojawapo mashine za vizazi hivyo zimeshuka bei, na muuzaji asiposema, mnunuzi anadhani amepata bahati. Zipo njia za kulazimisha Windows 11 iingie. Sikutaka, kwa sababu kompyuta yenye akaunti za watu haifai kuendeshwa kwa ujanja ambao sasisho lijalo linaweza kuuvunja.

Nilirudi kwa fundi akaniwekea Linux Mint, na hesabu zangu nikazihamishia LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kama Excel. Nilikuwa na wasiwasi, nikajipa wiki moja ya kuingiza tena data za zamani kabla ya msimu. Majedwali ya kawaida yalifunguka sawasawa, na nikiyahifadhi kwa mtindo wa xlsx makatibu wanayafungua kwenye Excel zao bila kujua tofauti. Faili moja lenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya jedwali), la chama kimoja, halikukubali; hilo nalifanyia kazi kwenye kompyuta ya ofisi yao nikiwa huko. Faida ambayo sikuitarajia ni kwamba mashine haianzi kupakua masasisho yenyewe ninapowasha hotspoti ya simu, kwa hiyo bando langu la kazi linabaki kwa kazi.

Msimu ulipofunguliwa nilikwenda nayo. Kwenye mizani ya jirani yangu, mashine, chaja na kibodi ya namba vyote havikufika kilo mbili, na nyuma ya pikipiki mwili unaliona hilo kabla ya akili. Mapajani inatulia. Betri ya nyuma ikiwa imejaa inanivusha asubuhi mpaka alasiri kwa kazi ya majedwali, mwanga wa kioo ukiwa wa kati na Wi-Fi imezimwa nisipoihitaji. Betri ya nyuma ya pili nimeinunua kwa fundi kutoka kwenye mashine iliyoungua bodi. Feni ndiyo inayodai matunzo: kila nikirudi mjini baada ya mzunguko mrefu fundi anafungua mfuniko na kupuliza vumbi, na lililotoka mara ya kwanza lilinishangaza kwa wingi wake. Hapo zile ndogo zisizo na feni zinaishinda yangu, sina budi kulisema.

Makarani wenzangu wawili wameniuliza wanunue nini, nikawaelekeza Chikongola kwanza. Dada yangu wa Lindi aliponipigia kuhusu binti yake anayekwenda chuo, sikumwambia anunue kama yangu. Binti atakaa hosteli yenye umeme, atatumia programu za chuo zinazotaka Windows, na anahitaji mashine ya kumfikisha mwisho wa shahada. Nikamwambia atafute Latitude 7290 yenye prosesa ya kizazi cha 8, inayokubali Windows 11 bila kulazimishwa: ni inchi 12.5 vilevile, na RAM yake inachomoka. Ilikuwa ghali kidogo kuliko bajeti yao. Dada akasema atasubiri malipo ya mnada unaofuata ndipo aongezee, nami nikamwambia asiharakishwe na muuzaji, na siku akiipata anipigie simu ya video kabla ya kulipa, chaja ikiwa imechomolewa.